Supagluu kwenye kibodi: hiyo asetoni iweke chini kwanza

Nimekuwa kimya wiki mbili, na sababu ni tone moja la supagluu. Mpwa wangu alikuwa akibandika soli ya kiatu juu ya meza yangu hapa Kapseret, akaminya kupita kiasi, tone likatua kati ya Enter na kitufe cha nukta mkato. Anayeandika programu anajua huo ni msiba. Nikajifariji kwamba nitaandika Python tu, haidai nukta mkato, halafu nikakumbuka nukta mbili inakaa kwenye kitufe hichohicho!

Fundi mmoja mjini Eldoret aliitazama nusu dakika, akasema tubadilishe kibodi nzima. Bei yake ilikaribia kodi yangu ya nyumba, kwa sababu kwenye laptopu nyingi za siku hizi kibodi imepigwa ribiti kwenye fremu, na kuitoa ni kufumua mashine yote. Rafiki naye akaniambia nipitie duka la vipodozi ninunue dawa ya kutoa rangi ya kucha. Hapa ndipo nina ugomvi.

Dawa hiyo mara nyingi ni asetoni, na kweli asetoni huyeyusha supagluu. Lakini huyeyusha pia ABS, plastiki ya vitufe vingi vya laptopu, ileile ya matofali ya Lego. Utatoa gundi pamoja na herufi, na kitufe kibaki kama mshumaa ulioachwa juani. Tena inashika moto upesi.

Afadhali tuijue gundi yenyewe. Ni sayanoakrilati, ambayo Harry Coover wa Eastman Kodak alikutana nayo mwaka 1942 na kuiacha kwa kuwa ilinata kila kitu. Ilianza kuuzwa mwaka 1958. Haikauki kama rangi, bali hugandishwa na unyevu. Ikishaganda ni ngumu lakini kavu kama kioo: kuivuta moja kwa moja ni kazi bure, ila ukiipembua kutoka ukingoni huachia. Na maji ya vuguvugu huilegeza, ukiwa na subira.

Basi nilizima mashine, nikachomoa chaja, nikasubiri hadi kesho yake, maana tone nene linaweza kuwa bichi ndani. Nikatumia kadi ya benki iliyokwisha muda wake, siyo kisu, nikakwangua taratibu kwa pembeni. Kipande kikubwa kikaruka chenyewe. Kisha nikainua vifuniko vya vitufe viwili, polepole, kwani chini yake kuna vijimkasi vyembamba vya plastiki, na vikivunjika hakuna gundi itakayovifufua. Vifuniko vikalala usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni (si ya moto, yatavipinda). Asubuhi mswaki wa zamani ukamaliza. Maji hayakugusa laptopu hata tone. Wakati nasubiri, kwenye terminali nilibonya Ctrl na M badala ya Enter, inakubali, jaribu.

Kama gundi imepenya hadi kwenye utando wa mpira ulio chini, hapo fundi ana haki yake. Lakini aangalie kwanza! Nusu dakika haitoshi kumtoza mtu kodi ya mwezi, na sisi wateja tumezoea kuitikia tu kwa sababu kompyuta inatutisha kuliko redio au baiskeli.

Na gundi ikiwa bado mbichi, usiifute kwa pamba. Supagluu ikikutana na pamba hupata joto kali, inaweza kukuunguza vidole.

Enter yangu imebaki na kovu jeupe, lakini inabonyea. Mpwa ameambiwa viatu vyake avishonee uani.