Mali bila daftari: walimu wa Nyunzu na somo la kusimamia watu

Maneno "usimamizi wa kimkakati wa rasilimali watu" yakitajwa, wengi wetu katika kitivo cha lugha tunadhani hayo ni mambo ya wenzetu wa uchumi. Nina maoni mengine. Kati yetu wengi watakuwa walimu, na mwalimu ndiye mfanyakazi ambaye nchi yetu imemsimamia vibaya kuliko wengine. Tena kasoro yenyewe inaanzia kwenye maneno, na maneno ndiyo kazi yetu.

Tuanze na msingi. Mwaka 1984 wataalamu watatu wa Marekani, Fombrun, Tichy na Devanna, walitoa kitabu kilichoeneza fikra moja nyepesi: shirika likiwa na lengo, mambo manne yafuate lengo hilo kwa pamoja. Mambo hayo ni namna ya kuchagua watu, namna ya kupima kazi yao, namna ya kuwalipa na namna ya kuwaendeleza. Neno "kimkakati" halina uchawi. Linamaanisha kwamba hesabu ya watu inafanywa pamoja na hesabu ya lengo, si baada yake. Mkulima wa Nyunzu anajua hilo bila kitabu: kabla ya mvua kuanza anahesabu mikono iliyopo nyumbani, ndipo anaamua ukubwa wa shamba.

Sasa tutazame shule. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni bure. Mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019, serikali iliamua kulitekeleza neno hilo. Lilikuwa jambo jema, na sitalikanusha: watoto waliokuwa wakifukuzwa kwa kukosa karo walirudi darasani. Lakini watoto waliongezeka kabla ya walimu kuhesabiwa. Madarasa yakajaa, na maelfu ya walimu waliokuwa wakiishi kwa pesa za wazazi wakajikuta hawana wazazi wa kuwalipa wala serikali ya kuwalipa. Shamba lilipanuliwa bila kuhesabu mikono.

Hapa mwanafunzi wa lugha asimame kidogo. Mwalimu wa namna hiyo anaitwaje katika makaratasi? Anaitwa "N.U.", yaani "nouvelle unité", uniti mpya. Au anaitwa "N.P.", asiyelipwa. Mtu mwenye mke, watoto na darasa la watoto sitini ameandikwa kama kipande cha kitu kinachongoja ghalani. Neno "rasilimali" lenyewe lilitoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kichwa cha mali, yaani mtaji ambao mengine yote yanazaliwa kutoka kwake. Kama mwalimu ni rasilimali kweli, basi yeye ndiye kichwa. Lakini neno "uniti" linamweka mkiani.

Mfano wa pili ni "motisha". Baada ya shida za mwanzo wa miaka ya 1990, mshahara wa serikali ulipokuwa karibu si kitu, Kanisa Katoliki na wazazi walikubaliana wazazi wachange ili shule zisifungwe. Mchango huo uliitwa "prime de motivation". Uliokoa shule, na wazazi wanastahili heshima kwa hilo. Lakini kwa karibu miaka thelathini neno la kutia moyo likawa jina la deni la mzazi maskini. Vitabu vya usimamizi vinasema motisha ni nyongeza juu ya haki ya mtu. Kwetu iliingia mahali pa haki yenyewe.

Turudi kwenye mambo manne tukiyapima kwa Nyunzu, mji huu wa reli katikati ya Kabalo na Kalemie.

Kwanza, kuchagua. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 inazipa lugha za taifa na lugha za mahali nafasi ya kufundishia katika shule ya msingi. Kwetu lugha hiyo ya taifa ni Kiswahili. Basi mwalimu wa darasa la kwanza Nyunzu achaguliwe akiwa anajua kufundisha kusoma kwa Kiswahili, na anawasikia watoto wanaoleta lugha nyingine kutoka nyumbani. Tangu 2013 wilaya hii imeumizwa na mapigano kati ya Wabantu na Watwa. Vijiji na shule vilichomwa, watu wakakimbia. Mtoto wa Kitwa asipomwona hata mwalimu mmoja wa kwao, anajifunza kwamba shule ni ya wengine. Kumwandaa kijana wa Kitwa awe mwalimu kutachukua miaka, ndiyo maana ni lazima kuanza mapema. Huo ndio mkakati.

Pili, kupima. Inspekta anayefika mara chache kwa sababu ya barabara hawezi kupima kazi. Mara nyingi anapima daftari tu: tarehe zipo, mhuri upo. Watoto wakisomeshwa mbele yake kwa Kiswahili ukurasa mmoja, atajua zaidi kuliko daftari zote.

Tatu, kulipa, na hapa ndipo penye uzito. Kwa miaka mingi mishahara ya walimu ilifuata kanda: Kinshasa na Lubumbashi juu, vijijini chini. Fikiria maana yake. Penye kazi ngumu, mbali na hospitali, mbali na benki, ndipo palipolipwa kidogo. Shirika lolote lenye mkakati lingefanya kinyume, lingemwongeza anayekubali kwenda mbali. Tangu mishahara ianze kupita benki, mwalimu wa kijijini anaweza kupoteza siku na nauli akifuata pesa yake, na siku hizo watoto wanakaa bila somo. Septemba 2024 walimu wa shule za serikali katika majimbo mengi waligoma; moja ya madai yao lilikuwa mshahara ulio sawa na dola 500. Wengine waliwaita wakaidi. Mimi naona mgomo ni ripoti ya usimamizi iliyoandikwa na wale ambao hakuna aliyewauliza.

Nne, kuendeleza. Mwalimu anayekaa miaka kumi bila mafunzo na bila kupanda daraja anafundisha kwa mazoea, kisha anatafuta kazi nyingine. Akiondoka, ujuzi wake unaondoka naye, na watoto wanaanza upya na mgeni.

Kuna atakayesema: haya ni mawazo ya kampuni, shule si kampuni. Katanga inatufundisha kujibu kwa uangalifu. Kuelekea mwaka 1928 Union Minière iliona kwamba kuajiri watu kutoka mbali kwa mikataba mifupi kunaigharimu mno. Ikaleta mikataba ya miaka mitatu, ikaruhusu wake zao waje, ikajenga nyumba, hospitali na shule. Huo ulikuwa mkakati kabla ya neno lenyewe, na migodi ilipata wafanyakazi wa kudumu. Lakini mfanyakazi hakuwa na sauti. Tarehe 9 Desemba 1941, Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wafanyakazi waliogoma wakidai mshahara walipigwa risasi. Somo ni hili: mkakati unaweza kumtunza mtu jinsi mashine inavyotunzwa. Shule inahitaji mpango mzuri kama ule, na pamoja nao sauti ya mwalimu ambayo ule haukuwa nayo.

Mwingine atasema serikali haina pesa. Pesa ni chache kweli. Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari halihitaji utajiri. Orodha ya walimu wa kila shule ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili: jina, darasa, mwaka alioanza, analipwa au hapana. Kamati ya wazazi iisome. Jina la aliyekufa au la asiyefundisha litaonekana siku hiyo hiyo, na pesa yake ijaze pengo la anayefundisha bure. Halafu, kila mwaka kabla ya Septemba, hesabu ya watoto wanaotarajiwa na ya walimu wanaohitajika zipelekwe pamoja Kalemie na Kinshasa, si moja bila nyingine.

Na sisi wa kitivo cha lugha tuna sehemu yetu. Barua za kazi, masharti ya ajira na matangazo ya malipo huandikwa kwa Kifaransa cha ofisi. Tuyatafsiri kwa Kiswahili kinachoeleweka Nyunzu, ili mzazi na mwalimu wajue haki yao bila kumtegemea karani. Tukatae pia kumwita mtu uniti. Mwalimu asiyelipwa aitwe hivyo, mwalimu asiyelipwa, kwa maneno mawili yanayomwaibisha anayedaiwa badala ya anayedai.