Kupamba Darasa Bila Pesa

Karibu na Noeli, kuna walimu wanaoshindanisha madarasa kwa mapambo. Ndipo mtoto anarudi: "Mama, wanataka pesa ya mapambo." Wengi wetu hapa Kampala hatuna. Lakini jamani, tusimzuie mtoto shule kwa aibu hiyo. Akina mama Waacholi, waliokimbia vita vya kaskazini wakakaa Banda na Kireka, hutengeneza shanga kwa karatasi kuukuu. Kata pembetatu nyembamba ndefu, viringisha kwenye kijiti kuanzia upande mpana, bana ncha kwa gundi, ikikauka tunga uzini. Kalenda ya zamani yatosha. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mtoto wetu haki sawa na raia katika shule ya msingi. Basi naye atundike zake ukutani.