Kitambaa cha Meza Tulichokishona Wenyewe



Sisi tunaishi kwa cherehani. Siku ya harusi ikishatajwa, mama wa bi harusi na shangazi zake huja dukani kwetu na vipimo: mapazia, mashuka, foronya, mito ya sebuleni, na kitambaa cha meza kinachoshuka mpaka karibu na sakafu, chenye lesi chini. Kinapendeza, hatukatai. Na sisi kinatulipa vizuri.

Mmoja wa bi harusi hao alirudi baada ya miaka miwili, na safari hii hakuja kushonesha. Mwanawe wa miezi 13, ndiyo kwanza anasimama dede, alishika ile lesi ajinyanyue. Juu ya meza palikuwa na birika la chai ya maziwa, limetoka jikoni wakati huo huo. Chai ikammwagikia kifuani na mkononi. Majirani walikuja kwa nia njema, huyu na dawa ya meno, yule na ute wa yai. Hospitali ikabidi waanze kuyasafisha yote hayo, mtoto analia, kabla hawajaliona jeraha lenyewe. Alhamdulillah yuko hai. Kovu lipo. Na kitambaa tulikishona sisi.

Alipomaliza kutusimulia, wanawake waliokuwepo dukani walisema neno moja: qadar ya Allah. Ni kweli, na sisi tunaiamini qadar. Lakini tunaona tumekuwa wepesi wa kuitaja baada ya ajali, na wazito wa kufanya kabla ya ajali yale tuliyoamrishwa. Mtume wetu (S.A.W.) alituagiza usiku tufunge milango, tufunike vyombo na tuzime taa, na sababu ya taa akaieleza: panya anaweza kuuburura utambi akawaunguzia watu nyumba yao. Nyumba moja Madina iliwahi kuungua usiku na watu wake wamo ndani. Alipopewa habari hiyo alitufundisha kuwa moto ni adui yetu, tuuzime tunapolala. Hadithi hizi zimo katika Bukhari na Muslim, na darsani tunazisikia kila mara. Kisha tunarudi nyumbani, tunafukiza udi chumbani, na tunalala na chetezo cha makaa mekundu kando ya chandarua.

Tuseme na la mafuta ya taa, maana hili linatuudhi zaidi. Wengi wetu bado tunawashia seredani kwa mafuta ya taa, na tunayaweka katika chupa ya maji ya kunywa, chini sakafuni, pembeni ya jiko. Mtoto chupa anaijua, kiu anayo, atafanya nini? Akishakunywa, tunamtia kidole kooni atapike. Tafadhalini msimtapishe. Yakipanda tena huingia mapafuni, na hapo ndipo yanapomdhuru sana. Mbebeni mpeleke hospitali, na chupa ichukueni waione. Na aliyeungua, mvueni nguo isiyoganda mwilini, mmwagilieni maji ya kawaida ya bomba kwa dakika 20, mfunikeni kwa kitambaa safi, mwende hospitali. Dawa ya meno ibaki kwa meno.

Tunajua jibu litakalokuja: mbona sisi tulilelewa hivyo hivyo tukakua? Tulikua sisi tunaosema. Wasiokua hawapo hapa kujibu. Halafu nyumba tulizolelewa zilikuwa na macho mengi, bibi yuko barazani, shangazi uani, wifi jikoni. Leo bi harusi anapelekwa fleti ya juu, mlango umefungwa, yuko yeye na mtoto, na sufuria iko motoni. Akienda msalani mtoto hana mtu. Ndoo ya maji ya akiba iliyoachwa wazi bafuni inamtosha mtoto wa mwaka mmoja kuzama, maana kichwa chake ni kizito na akitumbukia hawezi kujitoa.

Mtoto akidhurika, lawama ni za mama, au za msichana wa kazi ambaye mara nyingi mwenyewe bado mtoto. Baba hatajwi. Mwenye kununua televisheni ya ukutani anaweza pia kununua kufuli la kabati la dawa na mfuniko wa kisima. Bi harusi, yaulize haya nyumba inapotafutwa: ngazi zina ukingo? Roshani je? Kuuliza mapema si kujitakia mabaya, wala si kukosa haya.

Sisi wenyewe hatujatoka kwenye lawama. Fundi hushona na pini mdomoni, na kila mwanamke anayejifunga mtandio hufanya vivyo hivyo mbele ya kioo, pini mbili katikati ya meno, huku anazungumza. Binti anamtazama mama yake. Mmoja wa kwetu, wa miaka mitatu, tulimkuta amesimama mbele ya kioo, kanga kichwani na pini mdomoni, anatuiga. Siku hiyo tulicheka kwanza, kisha tukanyamaza. Sasa pini zinakaa kwenye kopo lenye mfuniko, juu.

Vitambaa vya meza bado tunashona. Ila tunauliza kama nyumbani kuna mtoto au anatarajiwa, na tunashauri kiishie kwenye ukingo wa meza. Wiki iliyopita mama mmoja alikasirika, akatuambia tunamtabiria mwanawe ajali kabla hata hajaolewa, akaenda kwa fundi mwengine. Kaondoka na kazi ya mapazia pia.