Watawa Walifukuzwa, Hati za Shamba Zikatunzwa

Acheni kuniambia ati historia huhifadhi kilicho muhimu. Mara nyingi huhifadhi kile kinachomsaidia mtu kortini.

Chukua nyumba ndogo ya watawa wa kike ya Mtakatifu Radegund, Cambridge, Uingereza. Ilianza karne ya 12, na Mfalme Malcolm IV wa Uskoti aliwapa ekari 10 za kujengea kanisa. Mwaka wa 1496 Askofu John Alcock wa Ely akaifunga, akaanzisha chuo papo hapo: Jesus College. Chuo kikachukua majengo, mashamba, na karatasi zake.

Ndiyo maana hati zile zipo hadi leo. Si kwamba kuna aliyewapenda watawa. Chuo kilizitunza kama shosho anavyoficha hati ya shamba chini ya godoro, maana ukipoteza karatasi unaweza kupoteza udongo. Mwaka wa 1898 Arthur Gray, mtu wa chuo hichohicho, alizichapisha. Humo utajua nani alitoa kipande gani cha ardhi, nani alilipa kodi, na pesa zilitumikaje karne ya 15. Lakini hati ya shamba haimuulizi mtawa alicheka lini, au alilia kwa nini.

Sasa njoo kwenye kufungwa kwenyewe. Leseni ya Mfalme Henry VII inadai watawa walizembea, wakatapanya mali, wakapotoka kimaadili kwa kuishi karibu na chuo kikuu. Eti walikuwa wamebaki 2 tu. Hadi leo watu hurudia maneno hayo huku wakitabasamu, kana kwamba kesi ilishaamuliwa.

Mimi nakataa. Leseni hiyo ilikuwa ya kumpa askofu mali yao, ingewasifu vipi? Na hebu tazama mantiki yake: wanawake wameharibika kwa sababu ya majirani wasomi, kwa hivyo wanawake watoke, wasomi wapewe nyumba. Wee!

Utaniambia huenda walikosa kweli. Huenda. Basi anza na hesabu zao wenyewe: walinunua nini, walimlipa nani, nyumba iliwezaje kujilisha. Zisome polepole kabla ya kumwamini mrithi. Na ukifungua sanduku lolote la hati kuukuu, uliza kwanza nani alikaa na ufunguo, na alipata nini.