Filamu za Nyika na Bahari Zirudi kwa Wenyewe

Mwaka 1960 filamu ya Mjerumani Bernhard Grzimek juu ya Serengeti, aliyoitengeneza pamoja na mwanawe Michael, ilipata tuzo ya Oscar huko Marekani, na jina la uwanda ule likaingia katika vinywa vya watu chungu nzima wa Ulaya ambao hawakupata kukanyaga bara hili. Nguvu ya filamu ile haikanushiki. Baba na mwana waliruka juu ya mbuga kwa ndege ndogo iliyopakwa milia kama ya punda milia, wakawahesabu wanyama kundi kwa kundi. Na Januari 1959, kazi ikiwa haijatimia, ndege ikagongana na tai, Michael akafa, akazikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Walakini hoja iliyobebwa na filamu hiyo ilikuwa kwamba mbuga isikaliwe na watu, na mwaka ule ule wa 1959 Wamasai walitolewa Serengeti wakapelekwa Ngorongoro. Na katika kazi iliyoufundisha ulimwengu namna ya kuitazama ardhi yao, msimulizi alikuwa mgeni, lugha ilikuwa ya mgeni, na hukumu ilitolewa na mgeni.

Siyasemi haya kwa kuwabeza watu wawili ambao mmoja wao aliilipia kazi yake kwa roho, bali nayasema kwa sababu desturi ile haijakoma. Kila mwaka kamera huingia katika mbuga zetu, milima yetu na miamba ya bahari yetu, zikatoka na picha za ajabu, nazo picha hizo zikaonyeshwa katika kumbi za miji ya mbali mbele ya hadhira iliyolipa kiingilio, ilhali mtu ambaye mahindi yake yamekanyagwa na ndovu usiku wa kuamkia leo, au ambaye kitoweo cha wanawe hutoka katika mwamba ule ule uliopigwa picha, hana habari kwamba filamu hiyo ipo. Rai yangu ni kwamba filamu fupi za hifadhi na za safari za porini zina wenyewe, na wenyewe ni watu wa mahali zilipopigwa. Basi zirudishwe kwao, kwa Kiswahili, zionyeshwe uwanjani usiku bila kiingilio, na zikimalizika watu wapewe wasaa wa kusema.

Maonyesho ya namna hii yana umri mkubwa kwa wenzetu: mji wa Trento, Italia, ulianza tamasha la filamu za milima mwaka 1952, na Banff, Kanada, mwaka 1976. Mfano unaonivuta zaidi, hata hivyo, ni wa California, ambako wakazi wa kando ya mto Yuba waliunda jumuiya mwaka 1983 ili kupinga mabwawa yaliyokusudiwa kuuzuia mto wao, wakapigana kwa hoja na subira hata mwaka 1999 sheria ya jimbo ikaulinda, na mwaka 2003 wakaanzisha tamasha la filamu ambalo kazi zake huazimwa na jumuiya za miji mingine. Tamasha lile halikuanzishwa na matajiri wa sinema. Lilianzishwa na majirani wa mto.

Na kwetu je? Tamasha la Filamu la Zanzibar, ambalo tangu 1998 limekuwa likionyesha filamu ndani ya Ngome Kongwe, limepata pia kuzipeleka sinema mashamba, Unguja na Pemba. Kabla yake, kati ya 1935 na 1937, kituo cha Vugiri katika milima ya Usambara kilitengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, zikazungushwa kwa lori kutoka kituo hadi kituo. Ila mwanakijiji wa zama zile aliitwa kuja kufundishwa, na rai yake haikuwa sehemu ya ratiba.

Nilipata kuhudhuria onyesho moja katika kijiji cha kusini mwa Unguja. Shuka jeupe lilikuwa limefungwa baina ya minazi miwili, jenereta likinguruma nyuma ya skuli, watoto wakiwa mbele juu ya majamvi na wazee kwenye viti vilivyotolewa madarasani. Filamu, ambayo urefu wake ulikuwa kama dakika kumi, ilihusu kijiji kingine kilichofunga sehemu ya mwamba wake kwa miezi mitatu ili pweza wakue. Nao pweza, kwa kuwa ni viumbe wenye umri mfupi na ukuaji wa upesi, miezi michache huwatosha kuongezeka uzito maradufu. Tuliwaona wanawake wakichokoa pweza kwa nondo wakati wa bamvua, tukaiona siku ya kufunguliwa kwa mwamba, na sindano ya mizani ikishuka. Watazamaji walishangilia. Kisha bibi mmoja akasimama, akaukaza mtandio wake, akasema, "Pweza kanenepa, wanangu, tumemwona. Lakini walipokuja watu wa dago usiku, nani aliwazuia, na huyo aliyewazuia alilipwa na nani?"

Hapo ndipo onyesho lilipoanza hasa. Mvuvi mmoja akauliza asiye na mtumbwi atakula nini katika ile miezi mitatu. Katibu wa kamati ya uvuvi ya shehia akaeleza bei ya petroli ya boti ya doria. Kijana akasema kwamba waliovunja amri mwaka uliopita hawakuwa wageni wa dago bali ni watoto wa mumo humo kijijini, na uwanja ukanyamaza kidogo kabla ya kuwaka tena kwa maneno. Mazungumzo yalikuwa marefu kuliko filamu mara nyingi. Doria, njaa na aibu, mambo matatu ambayo ndiyo uhai na mauti ya hifadhi ya bahari, hayakuwamo katika picha hata moja, na yalidhihirika kwa sababu tu picha zilionyeshwa mbele ya wanaoyajua.

Hali ni hiyo hiyo katika filamu za ushujaa. Mpanda mlima huonyeshwa akitweta, akilia kwa furaha katika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari. Lakini hema alilolala limefika vipi? Limebebwa na wagumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, ambao kanuni huwawekea mzigo wa kilo 20, na ambao humpita shujaa njiani, wakafika kambini kabla yake, wakasimamisha mahema na kuchemsha maji. Vitabu humtaja Hans Meyer wa mwaka 1889 kabla ya kumtaja Yohani Kinyala Lauwo, ambaye Marangu humheshimu kama kiongozi wa safari ile. Naamini mtengenezaji akijua mapema kwamba kazi yake itatazamwa Marangu na Machame, na wake na watoto wa wagumu, ataipiga kwa adabu nyingine kabisa.

Kwa hiyo natoa shauri kwa mamlaka zetu: kila kibali cha kupiga filamu katika hifadhi ya taifa au ya bahari kifungwe na sharti kwamba nakala ya Kiswahili itolewe bila malipo, na kwamba ndani ya mwaka mmoja ionyeshwe katika vijiji vinavyopakana na mahali ilipopigwa. Najua kuna watakaosema gharama ni kubwa. Projekta, spika na jenereta la kukodi ni kitu kidogo mbele ya fedha inayotumika kuirusha kamera angani kwa asubuhi moja. Wapo pia wasemao kwamba wanavijiji watafika kwa ajili ya tamasha tu, si kwa elimu; wao ningependa waketi na bibi yule wamsikilize.

Na sharti hilo likikubaliwa, siku isipangwe ofisini mjini. Wakati wa bamvua wachokoaji pweza hurudi wamechoka, na bamvua ya mwezi mpevu huleta mbalamwezi inayolififiza shuka. Bali katika maji mafu ya kumi la mwisho la mwezi, mbalamwezi huchelewa hadi karibu na usiku wa manane, watu wapo majumbani, na baada ya sala ya isha kuna saa tatu au nne za giza. Sheha aulizwe, naye ataitaja tarehe bila ya kutazama kalenda.