Maadili yaliyobadilika kwa siku moja

Ninauza nyanya na vitunguu kando ya barabara kuu hapa Ilula. Mabasi yakisimama, nyimbo zenye matusi ya wazi husikika hadi walipo wanangu. Sizipendi, na sheria inayowalinda watoto naiunga mkono.

Lakini sijasahau Machi 2017. Msanii wa rap Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa sababu ya wimbo wake "Wapo", na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) wakaufungia, wakisema umekosa maadili. Haukupita muda, aliyekuwa Waziri wa Habari, Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais wa wakati huo, Magufuli, ameupenda: msanii aachiwe, wimbo upigwe. Maneno hayakubadilika hata moja! Sasa yale maadili yalikwenda wapi? Wimbo ule uliwasema wakubwa, na hapo ndipo palipouma.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa maoni, haisemi mpaka mkubwa apendezwe. Nawaomba BASATA, wanapofungia wimbo, watuonyeshe mstari wenye tusi na kifungu kilichovunjwa, na msanii asikilizwe kwanza. Mimi mzazi nitawaunga mkono bila kusita.

Msomaji,
Ilula, Iringa