Hesabu Iliyopanda Baada ya Dawa



Juma lililopita tulikwenda hospitalini hapa Voi kumzuru mzee mwenzetu wa safu ya kwanza msikitini, aliyepatwa na mshtuko wa moyo baada ya sala ya alfajiri. Tuliwakuta watu wa nyumba yake wameshika karatasi mbili za vipimo vya damu. Ya kwanza ilitoka alipofikishwa. Ya pili ilitoka baada ya kudungwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na hesabu yake iliipita ya kwanza mara nyingi. Binti yake mkubwa akatwambia, "Shekhe, dawa hii imemzidishia baba." Walikuwa wakishauriana wamtoe, wampeleke nyumbani Mwatate asomewe.

Kisomo ni haki ya mgonjwa, na husomwa papo hapo kitandani. Ama ile hofu yao hatukuidharau, kwani nasi tulipoiona karatasi tulishtuka. Tukamwomba daktari atufafanulie.

Kinachopimwa ni troponini, protini iliyomo ndani ya nyama ya moyo. Donge la damu likiziba mshipa unaoulisha moyo, nyama iliyokoseshwa damu huanza kufa, na troponini huvuja. Haionekani papo hapo. Huchukua kama saa 3 au zaidi tangu maumivu kuanza. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kikitoka safi, mgonjwa hupimwa tena, wala si hoja ya kumrudisha nyumbani.

Sasa dawa ikaliyeyusha donge, damu ikapita. Akina mama wa Voi watatuelewa upesi: bomba likikauka siku kadhaa, maji yarudipo hutoka kwanza na kutu na tope. Tope hilo halikuletwa na maji mapya, lilikuwamo bombani. Vivyo hivyo damu inayorejea huikosha nyama iliyokwisha kujeruhiwa, na troponini ikamiminika kwa wingi na kwa haraka. Mshipa uliofunguka hesabu yake hupanda ghafla na kufika kileleni mapema, yapata saa 12. Uliobaki umezibwa hupanda polepole, na kilele huweza kungoja hadi saa 24 au kupita. Ni kweli kwamba damu irudipo ghafla huweza nayo kujeruhi chembe kadhaa za moyo, lakini kuuacha mshipa umezibwa ni hasara kubwa zaidi. Katika utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 1986 wagonjwa zaidi ya 11,000 walifuatiliwa: waliopewa streptokinasi, dawa ya jamii hiyo, walifariki wachache kuliko wasiopewa, na waliowahi mapema ndio waliofaidika zaidi.

Daktari hategemei karatasi ya damu peke yake. Hutazama kama maumivu yametulia, na baada ya dakika 60 hadi 90 hurudia kipimo cha umeme wa moyo. Mstari uliopanda usiposhuka angalau nusu, mgonjwa huhitaji kupelekwa upesi kwenye mtambo wa kuufungua mshipa kwa mrija wenye puto. Mtambo huo ndio bora tangu mwanzo, ukifikiwa ndani ya dakika 120. Lakini kutoka Voi hadi Mombasa ni kama kilomita 150 za barabara ya malori, na aliyeko Taveta au milimani Wundanyi yu mbali zaidi. Ndiyo maana kwetu sindano huja kwanza, safari baadaye.

Dawa hii ina hatari ya kuvujisha damu, hata ubongoni kwa wachache. Basi mkiulizwa, semeni kweli: kiharusi cha zamani, upasuaji, vidonda vya tumbo, na hata hijama ya juzi. Tumeona watu wakiificha hijama kwa kuona haya, wala hatujui haya hiyo imetoka wapi.

Nanyi akina mama, mshtuko wa moyo kwenu mara nyingine huja kwa kichefuchefu, pumzi fupi, au maumivu ya taya na mgongo, mkasema ni gesi, mkaendelea kupika.

Mzee wetu hakutolewa. Karatasi ya siku ya tatu ilionyesha hesabu imeanza kushuka. Binti yake alitaka kujua kwa nini haijaisha, naye akaambiwa kwamba troponini hukaa damuni juma moja, pengine mawili.